Ndugu A na Ndugu B

Buyenzi, Bujumbura
12 Februari 2025

Baba Mkubwa Ilyasi, shikamoo.

Assalamu alaykum kutoka avenue ya saba. Sisi hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mama anakusalimu sana, anasema miguu imepungua kuvimba na bado anatamani dagaa wa kwenu Ujiji. Kaka Khaled naye anakusalimu. Karakana yake iko wazi lakini magari hayaji, maana petroli imekuwa ya kutafuta kwa tochi, na gari lisilotembea haliharibiki. Mke wake amejifungua msichana, wamempa jina la marehemu bibi, Fadhila. Najua habari hiyo itakugusa.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zinazotoka nyumba hii huzipokei, wala sikulaumu. Barua ataileta Shakuru, yule dereva wa lori la saruji, ambaye pia anakusalimu.

Sasa haja yangu. Unajua ninasoma uhusiano wa kimataifa chuo kikuu, pale Mutanga, na huu ni mwaka wangu wa mwisho. Mimi pia ndiye mwenyekiti wa klabu ya wanafunzi ya mambo ya nje, tunapojadili mikataba na vita vya watu tukiwa tumekaa kwenye viti vya miguu mitatu. Mwezi uliopita nilichaguliwa kwenda Addis Ababa mwaka mzima, kwenye taasisi inayofundisha vijana utafiti wa usuluhishi. Tulioomba tulikuwa wengi, nafasi ni moja, nimeipata mimi. Baba Mkubwa, nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba. Natakiwa kuthibitisha kabla ya mwisho wa Juni. Nisipothibitisha, nafasi inakwenda kwa Audace, kijana wa klabu yetu aliyekuwa wa pili, ambaye ameshaanza kuniuliza hali yangu ya afya kila tukionana.

Baba hakukataa. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyotamka: "Mi sina neno. Lakini mutoto mwanamuke haondoke hapa kama mukubwa wa ukoo hajasema. Muulize baba yako mukubwa." Akainuka akaenda msikitini, na tangu siku hiyo hataki tulirudie.

Kwa hiyo nakuuliza. Nimelipanga jambo hili kama tunavyofundishwa darasani. Upande wangu una faida ya elimu, kazi ya baadaye na heshima ya ukoo. Upande wako hauna hasara yoyote. Napendekeza jibu lipatikane kabla ya mwisho wa Machi ili pande zote zipate muda wa kujiandaa.

Natanguliza shukrani.

Mwanao,
Waridi binti Shaabani


Ujiji, Kigoma
5 Machi 2025

Kwa mwanangu Waridi,

Waalaykum salaam, na Ramadhani njema. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Duka la vitenge linakwenda. Mke wangu Asiya anakusalimu, siku hizi anakuita balozi. Huyo Fadhila mdogo Mungu amkuze. Nilipofika kwenye jina lake niliiweka barua chini kidogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Katika maisha yangu sijawahi kuambiwa kwamba upande wangu hauna hasara yoyote. Nilimsomea Asiya, akacheka mpaka nikamkumbusha kwamba amefunga.

Nina mawili ya kusema. La kwanza, nimezipitia salamu zako. Kuna mama yako, kuna Khaled, kuna hata Shakuru wa saruji. Mtu mmoja wa nyumba hiyo simuoni. Labda wino ulikauka.

La pili, sisi kwetu mwenye haja hajisemei. Bwana harusi haendi kujiposea mwenyewe. Anatuma mshenga, na mshenga anakaa mkekani, anakunywa chai, anauliza habari za mvua, na ile haja inakuja mwishoni kama vile ameikumbuka akiwa anatafuta viatu vyake. Wewe umekuja mwenyewe, hodi hujapiga, na tarehe mkononi. Hivi huyo aliyekwambia "muulize" hana miguu?

Kuhusu Addis nimesikia. Sijasema ndiyo na sijasema hapana.

Baba yako mkubwa,
Ilyasi


Buyenzi, Bujumbura
8 Aprili 2025

Baba Mkubwa, shikamoo, na Idi Mubarak japo imepoa.

Kitenge ulichomtumia mama kilifika siku mbili kabla ya Idi, akakishona haraka, akakivaa. Baba aliuliza kimetoka wapi. Mama akajibu, "Kigoma." Baba akakishika ukingo, akakiangalia rangi, akakiachia. Lakini pilau aliila yote.

Nisamehe kwa ile tarehe. Nilikuandikia kama wizara inavyoandikiwa, nimeona aibu baadaye. Nilimwomba baba akutumie japo salamu. Akaniambia, "Salamu haibebwe na mutoto." Nikarudi jikoni, mimi mwenyekiti wa klabu nzima.

Ndipo nikamkalisha mama anieleze siku ya maziko ya bibi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nakumbuka watu wengi, na nakumbuka wewe umesimama mlangoni na begi begani. Mama akanieleza kwamba bibi alifariki alfajiri, baba akakupigia simu, ukamwambia, "Nisubirini, niko njiani." Wazee wa msikiti wakasema maiti haicheleweshwi, tena joto lilikuwa kali. Baba akakubali, wakamzika baada ya alasiri. Wewe ukafika kesho yake na kumwambia mbele ya waombolezaji wote kwamba amemzika mama yako kama mtu asiye na mtoto mkubwa. Toka hapo ni miaka tisa.

Nimejaribu kupima nani mwenye haki, nimeshindwa. Baba alifuata dini. Wewe uliomba saa chache tu. Ningekuwa hakimu ningejiuzulu.

Basi nitajie wewe mwenyewe mshenga utakayemkubali. Mwalimu wangu Népomuscène, anayetufundisha majadiliano, amesema yuko tayari kukuandikia. Ni Mkristo lakini ana adabu sana.

Wako,
Waridi


Ujiji, Kigoma
4 Mei 2025

Mwanangu Waridi,

Sisi hatujambo. Barua yako imechelewa kwa sababu lori la Shakuru lilikwama Mabanda bila mafuta, ikalala na saruji, na nilipoifungua nikapiga chafya. Mvua za huku zinaisha. Asiya amepata malaria, amepona, na sasa anataka tupake duka rangi.

Huyo mwalimu wako mwambie asante, lakini akae. Mambo ya kaburi la mama yangu siwezi kuyajadili na mtu ambaye hatujawahi kula naye sahani moja. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wewe huna jembe, chukua kitabu usome.

Umeandika "saa chache tu". Ni kweli zilikuwa chache. Nitakwambia jambo moja, halafu tusilirudie. Si mchanga ulioniuma. Kila mtu atazikwa, na mchanga utamwagwa na yeyote aliye karibu. Mama yangu akiumwa, hata kichwa tu, alikuwa akiita jina langu. Tulikuwa watoto wawili, baba yako amekaa pale pale miguuni pake, na yeye anaita Ilyasi. Basi siku ile ameita nani, na nani ameitika? Hilo sijapata kumuuliza mtu.

Kuhusu safari yako, kuna sababu nyingine inayonizuia, nayo si baba yako. Sitaiandika.

Soma sana.
Ilyasi


Buyenzi, Bujumbura
27 Mei 2025

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mama yuko salama, mtoto Fadhila ameanza kucheka, Khaled amepata gari moja la kutengeneza na analiosha kila siku ili lisionekane limekwisha. Hizo ndizo habari njema. Iliyobaki ni aibu yangu.

Nimemwaga mtama kwenye kuku wengi. Kwa ajili ya mémoire yangu, yaani ule utafiti wa kumalizia chuo, nilihitaji mfano wa ugomvi ambao kila upande una haki. Nikaandika habari zenu. Sikutaja jina, niliandika "Ndugu A na Ndugu B, wa miji miwili ya ziwani". Nikaona nimeficha vizuri. Kisha nikausoma utafiti huo mbele ya klabu nzima pale Mutanga. Rafiki yangu Dévote, ambaye ni katibu wetu, alikuwa amealika watu mpaka wengine wakakaa madirishani. Walipiga makofi. Nilifurahi sana, sitakudanganya.

Kumbe nyuma alikaa kijana wa mtaani kwetu. Buyenzi, Baba Mkubwa, hata ukimwita mtu herufi moja, watu wanajua anakaa avenue ya ngapi. Kesho yake asubuhi mteja akaingia kwenye duka la vipuri la baba, akaomba filta ya oili, halafu akauliza, "Na B hajambo?"

Baba alirudi nyumbani mapema. Akaniuliza, "Mi ndiye B?" Nikasema ndiyo. Akala, akanawa, akaondoka. Wiki nzima hakunisemesha. Mama alikuwa anapitisha maneno kati yetu kama anapitisha chumvi.

Jana ameniita. Nilijua naambiwa nisahau Addis. Badala yake akauliza, "Kwa nini mi ndiye B?"

Nikamjibu, "Kwa sababu wewe ni mdogo wake, baba."

Akafikiri. "Na A alisema nini?"

"Alisema aliomba saa chache."

"Ni kweli," akasema. "Aliomba." Kisha akauliza, "Na B, uliandika alisema nini?"

"Sikuandika kitu, baba. Hukuwahi kuniambia."

Akaingia chumbani akafunga mlango polepole. Angeupiga ningekuwa na nafuu.

Wewe pia nimekukosea. Uliniambia nisome, nami nikaenda kuwasomea watu habari zako. Zile kurasa nimezitoa kwenye utafiti, nitatafuta mfano mwingine, nchi mbili za mbali zisizonijua. Ukinikatalia safari kwa sababu hii, nitaelewa. Lakini nikikuambia kwamba sitaki tena kwenda nitakuwa nasema uongo. Nataka kwenda, Baba Mkubwa. Nataka sana.

Waridi


Ujiji, Kigoma
12 Juni 2025

Waridi,

Idi ya kuchinja imepita salama, mbuzi alikuwa amekonda kuliko bei yake.

Kwanza, nimefurahi kuwa A.

Pili, mambo ya ndani hayapelekwi kwenye makofi. Nilikasirika toka adhuhuri mpaka alasiri, nikakataa hata chai. Asiya akaniuliza kama nimekasirika kwa kusemwa, au kwa kusemwa ukweli. Nikainywa chai.

Tatu, umeandika kwamba alisema niliomba. Uliyasikia kwa masikio yako mwenyewe? Niandikie tena maneno hayo vile vile, usiongeze hata chumvi.

Kuhusu Addis msimamo wangu ni ule ule. Asubiriwe mtu.

Ilyasi


Buyenzi, Bujumbura
20 Juni 2025

Baba Mkubwa, shikamoo. Wote wazima, isipokuwa mimi nisiyelala vizuri.

Alisema, "Ni kweli. Aliomba." Sikuongeza kitu.

Naandika haraka kwa sababu Shakuru amepata mafuta na anaondoka sasa hivi. Baba ameondoka nyumbani Jumanne. Alisema anakwenda Rumonge kukagua gari bovu linalouzwa, alinunue kwa ajili ya vipuri. Lakini amechukua kanzu ya Idi na kofia mpya, nami sijui gari gani linakaguliwa kwa kanzu. Simu yake imezimwa. Nikimuuliza mama ananiambia, "Acha baba yako afanye biashara yake." Mama hana wasiwasi kabisa, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Siku zimekwisha. Audace ameshanunua koti kwa sababu amesikia Addis kuna baridi. Simchukii, ni mwanafunzi mzuri, naye ana mama anayemwombea. Nimeandika barua ya kujitoa. Iko tayari, nitaipeleka chuoni Jumamosi ya tarehe ishirini na nane ili yeye apate muda wa kujiandaa. Dévote amelia, ananiambia nithibitishe tu na nyumbani waje kuzoea. Siwezi. Nikienda kusoma namna ya kupatanisha watu huku nimewaruka wangu, nitakuwa nasoma nini?

Sikuharakishi tena. Nilitaka tu ujue.

Waridi


Ujiji, Kigoma
25 Juni 2025

Mwanangu Waridi, binti wa ndugu yangu,

Assalamu alaykum. Lile gari la Rumonge liko barazani kwangu, linakula samaki wetu wa migebuka na kulalamika kwamba Asiya anaogopa chumvi. Barua yako imefika jana, tumeisoma pamoja. Palipoandikwa kanzu alijitazama.

Alifika Jumatano iliyopita, jasho linamtoka, ameshika kilo mbili za sukari kama mtu anayekwenda ukweni. Nilikuwa dukani. Nikamwambia, "Karibu." Akasema, "Starehe." Tukakaa mkekani. Akaniuliza goti, akaniuliza mvua, akanieleza tabu ya petroli toka Januari mpaka leo, wala sikumkatiza. Chai ikaisha. Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake. Kisha akasema, "Kaka, niko na neno ya mutoto. Anataka kwenda kusoma. Nimekuja kumuombea kwako."

Nikamjibu kwamba mshenga hapewi jibu siku ya kwanza. Akasema, "Najua." Akavua tena viatu. Ningeweza kumjibu kesho yake, Waridi, nisikufiche. Nilimkawiza kwa sababu nilitaka kumwona anakula kwangu. Tukaenda msikitini pamoja, tukarudi pamoja, na la mama hakuna aliyeligusa.

Jumatatu tulikuwa dukani tunakunja vitenge, yeye ananipa, mimi napanga. Nikamuuliza bila kumgeukia, "Mama aliniita?"

Kitenge alichokuwa akinipa hakikunifikia.

"Alikuita," akasema. "Ilyasi, Ilyasi. Macho ilikuwa haione tena. Mi nikaitika. Nikasema, Naam mama, mi Ilyasi, niko hapa. Akanishika mukono. Akasema, Umefika. Nikasema, Nimefika mama. Akatulia. Hakusema tena."

Nilipogeuka alikuwa amekishika kile kitenge kama mtoto aliyekamatwa. Aliniambia ameogopa miaka yote hii. Kwanza kwa Mungu, kwamba alimdanganya mama saa ya mwisho. Pili kwangu, kwamba nitasema ameniibia hata jina. Alitaka kuniambia siku ile ile niliyofika, lakini mimi nilisimama mlangoni na begi langu na kupaza sauti, na hakupata pa kuanzia. Nilimfungia mlango nikiwa bado niko nje.

Nililia, mwanangu. Nililia dukani mbele ya wateja, na Asiya akawatoa wote akafunga. Miaka tisa nimekuwa nikimwonea huruma mama yangu, kwamba aliita na hakuitikiwa. Kumbe niliitika. Aliondoka ameushika mkono wangu.

Sasa jibu lako. Analo baba yako, anaondoka nalo kesho alfajiri pamoja na Shakuru, na nimenunua mafuta ya akiba, kwa hiyo watafika kabla ya Jumamosi. Jibu hurudishwa na mshenga, basi msikilize akikutamkia kana kwamba hujasoma hapa, na uonyeshe mshangao kidogo. Barua ya kujitoa ichane. Audace mpe pole yangu, koti halimtupi mtu.

Nilikwambia kuna sababu nyingine iliyonizuia, nikakataa kuiandika. Ilikuwa hii. Niliogopa mama yako atakuita siku moja nawe uko mbali, ukabaki na swali nililobaki nalo mimi. Sitaki mtoto wetu yeyote abebe swali lile. Leo siogopi tena. Nenda Addis, nenda na zaidi ya Addis. Siku utakapoitwa nyumbani nawe hupo, Khaled ataitika kwa jina lako.

Baba yako mkubwa,
Ilyasi